Msikivu Asiyesubiri "Ila"

Hamjambo nyote mnaosoma? Huku kwetu hatujambo. Watu wazima, kuku wazima, serikali nzima. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo mtu mwenye adabu anavyoanza, na aibu imenishika tangu neno hilo la kwanza, lakini nisubirini nifike.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si woga. Jina lenyewe ni refu na limebadilishwa mara nyingi, nisije nikataja la zamani nikamuudhi mkubwa. Ni nchi nzuri. Barabara inakuja. Maji yanakuja. Umeme ulikuja, ukaondoka, umeahidi kurudi. Lakini kitu kimoja hatujawahi kukikosa hata siku ya njaa, nacho ni habari za vifaa vipya.

Redio ya taifa husoma kwanza vifaa, halafu vifo, halafu mvua. Msomaji hutangaza kwa sauti ya harusini: "Simu mpya ya mwaka huu ni nyembamba kuliko ya mwaka jana!" Na ya mwaka jana ilikuwa nyembamba kuliko ya mwaka juzi. Mimi nachambua mchele wangu, najiuliza, wakiendelea hivi si utafika mwaka watatuuzia hewa? Mara wakatangaza simu inayokunjika kama leso. Baada ya muda wakatangaza kwamba ikikunjwa inavunjika, na hilo nalo likasomwa kama ushindi. Ipo saa ya mkononi inayomwambia mtu kwamba amechoka. Lipo friji linaloita dukani kusema maziwa yamekwisha. Hapa Matongoni friji analo Mzee Bakema peke yake, na humo huweka suti yake, panya wasiifikie.

Aliyezijua habari hizo kuliko wote ni Bwana Faki, mjumbe wetu wa mtaa. Simu yake mwenyewe ameifunga kwa mpira ili betri isidondoke, lakini simu za dunia nzima anazijua kama watoto wa dada yake.

"Bibi Nyange," ataniita toka njiani, "umesikia? Imetoka yenye kamera nne!"

"Nne za nini, mwanangu?"

"Moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ya mbali."

"Na ya nne?"

Atafikiri. "Ya nne ni maendeleo, Bibi."

*

Basi siku moja Wizara ya Vitu Vipya ikatangaza kwamba taifa letu nalo litazaa kifaa chake. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kishindo, alipanda jukwaani, redio ikatusimulia, amevaa fulana nyeusi na raba, kwa kuwa aliona mabwana wa nje wanaouza simu huvaa hivyo na hutembea huku na huku kama waliopoteza ufunguo. Walinzi wake wakavaa fulana nyeusi. Shehe na askofu walioalikwa kuomba dua nao wakapewa fulana nyeusi, wakazivalia juu ya kanzu zao. Watu wa viti vya mbele walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya kushangaa.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "kwa miaka mingi serikali yenu imekuwa na mdomo. Leo nimekuja kuwaonyesha sikio!"

"Aaah!" wakasema wa mbele.

"Anaitwa Msikivu wa Taifa. Ni mdogo! Ni mwembamba! Hana tundu hata moja!"

"Aaah!"

Mtu mmoja wa nyuma, ambaye nadhani alikosa mazoezi, akauliza: "Sasa sauti itaingilia wapi?" Akasindikizwa nje kwa heshima zote.

Mheshimiwa akaeleza. Msikivu atakaa sebuleni katika kila nyumba. Kila asubuhi atauliza, Habari za hapa? Mwenye nyumba atajibu, na jibu litafika wizarani kabla hajafunga mdomo. Penye shida, msaada utatoka hapo hapo. "Hakuna tena mwananchi atakayesema hatukumsikia," alisema, akafuta jicho. Hata mimi niliyekuwa nasikiliza redio nyumbani nilifuta la kwangu.

Kwa kuwa katika nchi zilizoendelea watu hupanga foleni wakisubiri vifaa, nasi tukaamriwa kupanga foleni. Kifaa kilikuwa kinagawiwa nyumba kwa nyumba, lakini foleni ilikuwa ya lazima. Tukapanga uwanja wa shule, na majirani wakagombana kwa kupitana. Mbele ya foleni hapakuwa na kitu ila mpiga picha. Ukifika unatabasamu, unapigwa picha ya furaha, unarudi nyumbani unakuta boksi mlangoni.

Tulifanya kama tunavyofanya kwa kitu chochote kipya. Boksi tuliliweka juu ya kabati, maana boksi zuri halitupwi. Nailoni ya kwenye kioo hatukuibandua, kipya kisije kikawa kikuukuu mapema. Msikivu nikamkalisha juu ya meza ya wageni, nikamfumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, nikamfunika. Alipendeza kama bibi harusi aliyekaa ndani.

*

Asubuhi ya kwanza taa yake ya kijani ikawaka chini ya kitambaa. "Habari za hapa?" Sauti yake ilikuwa ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Nzuri, baba," nikasema, "ila bomba la kisimani—"

"Asante," akasema, taa ikazimika.

Nikadhani ana haraka, nyumba ni nyingi. Kesho yake: "Nzuri, baba, ila bomba—" "Asante." Nikaona labda bomba halimpendezi. Nikajaribu paa la shule. "Nzuri, ila paa—" "Asante."

Mtaa mzima ilikuwa hivyo. Nyie mnaofanana nasi mnajua sina haja ya kueleza. Kwetu mtu hamwagii mgeni ubaya usoni. Kwanza nzuri, halafu ila, na kwenye ila ndipo mtu anapoishi. Aliyeunguliwa na nyumba atakwambia nzuri, ila tumeungua. Bi Sikujua, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alifiwa na mumewe, na asubuhi ile maiti bado yuko ndani Msikivu akauliza. Mjane wa watu akajibu huku analia: "Nzuri, ila baba watoto—" "Asante."

Jioni redio ikasoma: "Matongoni, nzuri." Ikasoma kata zote za nchi, moja baada ya nyingine, nzuri, nzuri, nzuri, kama mtu anayehesabu mayai yasiyo na hata viza moja. Mheshimiwa Kishindo akapewa nishani na wenzake. Akaivaa juu ya fulana nyeusi.

Mtu mmoja tu hapa kwangu aliona kasoro, naye ni mjukuu wangu Siwema. Nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki. Mumewe yuko machimboni, naye wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limetangulia mlangoni.

"Bibi, hasubiri ila. Anachukua neno la kwanza anaondoka nalo."

"Kwa hiyo?"

"Anza na mbaya."

"Nimwambie mtu mbaya hata salamu haijakaa? Nani kakulea wewe?"

"Wewe."

"Basi ninyamazie."

Akanyamaza. Ndiyo malezi yangu hayo.

*

Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, Nesi Apolonia, mwanamke mnene mwenye kufoka, ambaye nusu ya watoto wa Matongoni walianza maisha kwa kufokewa naye. Alimpima Siwema, akaniita pembeni. "Bibi, presha ya huyu inapanda. Uchungu ukianza asikae nyumbani hata kidogo. Mlete kwangu, nami nitampeleka mkoani. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Siku chache baadaye likaja gari la wizara likamchukua. Bwana Faki alituambia sababu, naye aliisoma kama habari njema. Kila asubuhi Matongoni inajibu nzuri, hivyo nesi wa nini mahali penye nzuri tupu? Ahamishiwe penye mbaya. Lakini walipotafuta penye mbaya katika nchi nzima hawakupapata. Wakampeleka kitengo kipya kabisa, Afya ya Vifaa, awe anawahudumia Wasikivu wanaopata vumbi.

"Na Siwema?" nikauliza.

"Hilo mwambie Msikivu, Bibi. Ndiyo kazi yake."

Tulimwambia. Mtaa mzima tulikubaliana, kila nyumba, neno moja. Kesho yake mkipita njiani mngesikia kila dirisha: "Nzuri, ila nesi wetu—" "Asante." "Nzuri, ila nesi—" "Asante."

Bwana Faki akatutuliza. "Hilo ni toleo la kwanza, lazima liwe na kasoro. Tusubiri toleo la pili."

Siwema akashika tumbo lake. "Huyu naye nimwambie asubiri toleo la pili?"

*

Hakusubiri. Uchungu ulimwanza alfajiri, na jua lilipopanda uso wake ulikuwa umevimba, analalamika kichwa kinapasuka na macho yanaona nyota. Bwana Faki alikimbia kutafuta gari hadi barabarani, akarudi na baiskeli. Bi Sikujua akawa anampepea kwa kanga. Mimi nimezalisha mbuzi na nimesaidia wanawake wawili watatu, lakini ile presha niliiona kwa macho, nikajua si kazi ya mikono yangu.

Ndipo taa ya kijani ikawaka chini ya kitambaa. "Habari za hapa?"

Nilisimama mbele yake. Nawaambia kweli, mjukuu wangu yuko mkekani anakufa, nami nikaona haya. Ulimi ulikuwa umeshaanza kukunja nzuri. Neno lile lingine sijawahi kulitoa kumjibu mtu maishani mwangu, hata makaburini. Nikafumba macho.

"Mbaya."

Taa ikageuka nyekundu. "Samahani. Rudia."

"Mbaya, baba. Mbaya kabisa."

"Kifaa hiki kinajisikia vibaya," akasema, na safari hii sauti ilitetemeka. "Tulieni. Msaada unakuja."

Na ukaja! Hata uji usingewahi kuchemka. Gari la wagonjwa, jeupe, lenye king'ora, lenye taa za kuzunguka, ambalo Matongoni hatujaliona tangu dunia iumbwe. Ndani lina kitanda, feni, na mto wenye foronya ya hariri. Akashuka afisa kijana mwenye miwani, Bwana Rwiza, fulana nyeusi imepigwa pasi.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa, baba," nikamwonyesha Siwema.

Akampita kama unavyopita ndoo mlangoni. "Siyo huyo. Kifaa. Tumepokea taarifa kwamba kuna kifaa kinasema maneno yasiyomo kwenye orodha yake."

"Kifaa kizima. Mtu ndiye mgonjwa."

"Mama, gari hili ni la vifaa. Mtu akilalia kitanda kile nitaandika nini?"

Nyuma yake akashuka Nesi Apolonia amevaa glavu nyeupe na kubeba kitambaa laini cha kupangusia. Alimwona Siwema, akasimama kama aliyepigwa kofi. Kwa mara ya kwanza nilimwona hafoki, nikajua wamemfanya nini huko.

Afisa akanyoosha mkono kumchukua Msikivu. Lakini Siwema, pale mkekani, alikuwa karibu kuliko yeye. Akamvuta Msikivu, akamkumbatia juu ya tumbo, kitambaa na maua yake.

"Achia, dada."

"Siachii."

"Dada, kifaa kina homa!"

"Na mimi nina homa. Tumeambukizana."

Bwana Rwiza akamgeukia nesi. "Kanuni inasemaje hapo?"

Nesi Apolonia aliangalia glavu zake. "Kanuni inasema kifaa kikiwa mahututi kisinyang'anywe, kisije kikashtuka." Halafu akaongeza polepole: "Kibebwe pamoja na aliyekishika."

Sijui kama kanuni hiyo ipo. Afisa naye hakujua, na kwa kuwa hakujua, aliiheshimu sana. Msikivu akalazwa kwenye kitanda chenye hariri, na Siwema, kama kishikio chake, akalazwa chini ya Msikivu. Mimi nikaingia kama bibi wa kishikio.

Njiani, barabara ikiturusha, Nesi Apolonia alivua glavu akazitupa dirishani, akaanza kufoka. "Sukuma! Usinitazame mimi, sukuma!" Nikafurahi kumsikia mpaka nikalia. Bwana Rwiza alikuwa anakipepea kifaa kwa faili. Na katikati ya yote hayo taa ikawaka: "Habari za hapa?"

"Mbayaaa!" akapiga kelele Siwema, na mtoto akatoka, wa kiume, akalia kwa sauti iliyomfanya dereva apunguze mwendo.

"Samahani," akasema Msikivu. "Rudia."

Hospitali ya mkoa walitupokea mlangoni na shada la maua. La Msikivu. Daktari mmoja mzee aliyekuwa anapita tu alimwona Siwema akamwingiza ndani, presha ikashuka, akapona. Jioni redio ikatangaza kwa sauti ya harusini: "Kifaa kilichougua Matongoni kimepata nafuu!"

*

Hapa ningeweza kuishia, mkanishangilia. Aibu yenyewe bado.

Wizara iliamua kwamba Toleo la Pili lizinduliwe Matongoni, nyumbani kwa kifaa kilichopona, na kwamba mwenye kifaa, yaani mimi, nitaulizwa habari na Mheshimiwa kwa mdomo wake, nchi nzima ikisikiliza. Mtaa ukanijia. Binti wa Bi Sikujua naye alikuwa na mimba, mwezi wake umekaribia, na zahanati ina kufuli na buibui.

"Bibi, safari hii hana taa ya kuzima," Bi Sikujua aliniambia. "Ni mtu. Mwambie tu nesi arudi."

"Nitamwambia."

Siwema alinifanyisha mazoezi huku ananyonyesha. "Habari za hapa, Bibi?"

"Mbaya, Mheshimiwa. Hatuna nesi."

"Kwa nguvu."

"Mbaya, Mheshimiwa!"

Nilifanyia mazoezi kuku. Nilifanyia mazoezi sufuria. Nilikuwa hodari.

Siku ikafika. Fulana nyeusi zikajaa uwanjani. Gari la vifaa likaegeshwa pembeni, Nesi Apolonia yumo ndani amepewa glavu mpya. Siwema alikaa mbele kabisa na mtoto, na kando yake binti wa Bi Sikujua na tumbo lake. Nikaitwa jukwaani.

Nilijiandaa kwa waziri mwenye makeke. Badala yake alikuja mwanamume mwenye mvi kidogo, kachoka na jua, jasho linamtiririka, akainama mpaka chini kama mtoto wa mtu mwema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kwisha mimi. Ukishamwitikia mtu marahaba ameshakuwa wako, na kiganja chake kilikuwa na moto kama cha Siwema alipokuwa mdogo na malaria.

"Habari za hapa, Bibi?"

Kifaa niliweza. Kifaa hakina uso. Huyu alikuwa nao, na umenitazama, na ni mgeni, na hajanywa hata maji.

"Nzuri, baba," nikasema. "Ila—"

Uwanja ukalipuka makofi. Ngoma zikaanza. Mheshimiwa akaninyanyua mkono juu kama bondia aliyeshinda, akanipa Toleo la Pili likiwa na nailoni yake, akaingia garini. Mimi ila yangu iko mdomoni, naigeuza, sina wa kumpa. Gari la vifaa likafuata, na kwenye kioo nilimwona Nesi Apolonia ananitazama. Hakufoka.

Siwema alimfunika mtoto kichwa kwa kanga, kana kwamba jua limezidi, akanishika mkono tukarudi nyumbani. Heri angenitukana.

*

Toleo la Pili ni jembamba zaidi na lina rangi ya dhahabu. Ubora wake mkubwa, anasema Bwana Faki, ni kwamba halimsumbui tena mwananchi. Kila asubuhi linajiuliza lenyewe, "Habari za hapa?" na linajijibu lenyewe, "Nzuri." Halafu linajishukuru.

Jana lilikuwa limemaliza kujishukuru pale mezani, nami nakoroga uji kwa kichwa kilichoinama, kama ninavyokaa siku hizi. Bwana Faki akapita njiani, redio kwapani, akamwona Siwema kibarazani na mtoto.

"Siwema, mwanangu, habari za hapa?"

"Mbaya, mjomba."

Bwana Faki akasimama. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. "Umesemaje?"

"Mbaya. Binti wa Bi Sikujua yuko ndani kwao na uchungu toka alfajiri, na nesi hatuna. Kaa nikueleze. Halafu utatusaidia kubeba kitanda mpaka barabarani, na atakayetuuliza njiani tutamjibu hivyo hivyo."

Nilimtazama kijana wetu yule wa kamera nne. Alizima redio. Akaiweka chini, akakaa.

Nikaepua uji. Nikachukua kitambaa changu cha maua, nikakikunja mara nyingi mpaka kikawa kinene, nikalifunika Toleo la Pili barabara. Kisha nikatoka kibarazani, uso bado unanichoma, nikavuta kigoda karibu yao.

"Bibi," akasema Siwema bila kunitazama, "habari za huko ndani?"

Nikaanzia kwenye ila.